Salamu za Asubuhi Kutoka Ziwani

Vijana mnaopima mto, mnafanya kazi katika ofisi ambayo bado naiita yangu, ingawa mlinzi wa getini sasa hunidai kitambulisho na kuniuliza nimekuja kumwona nani. Nimekuja kuuona mto, namjibu. Huniambia mto uko upande wa nyuma, nizunguke.

Mkubwa wenu aliniomba nije niwape maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nilimwambia nina maneno mengi yasiyo na mpangilio, na viti vyenu vinaumiza mgongo. Mgongo ndio ulionistaafisha kabla ya umri wangu. Hamwezi kuinama juu ya ukingo wa boti nusu ya maisha yenu, mkishusha na kupandisha lile samaki la risasi, kisha mtegemee kuamka asubuhi mkiwa wima. Basi nimeandika, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe hapa mtaani Munuki, Juba. Mkinichoka mtaniweka chini, jambo ambalo hamngethubutu nilipokuwa mkuu wa kitengo.

Wengi wenu hamjalishika samaki hilo, kwa hiyo nieleze. Siku hizi mnapitisha chombo cha mawimbi ya sauti juu ya maji, kinachora mto mzima kwenye kompyuta, nanyi mnarudi kunywa chai. Sisi tulikuwa na kijipanga kama cha feni kinachozungushwa na mkondo, kimefungwa kwenye waya, na chini yake madini mazito ya risasi yenye umbo la samaki ili kisichukuliwe na maji. Unakishusha, unahesabu mizunguko, unakipandisha, unasogeza boti, unarudia, mpaka umevuka mto wote. Samaki hilo lilikuwa na mapezi mkiani. Siku moja tulikuwa tukienda kupima kijito kimoja kwenye barabara ya Nimule, na pale kwenye kizuizi cha Nesitu askari akafungua gunia letu nyuma ya gari. Akaliona, akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Tukakalishwa chini ya kivuli cha lori la Mganda mmoja aliyebeba ndizi, na mchana wote tukawa tunaeleza kwamba bomu letu si bomu. Mwisho bosi wangu akaomba pipa la maji, akalishusha samaki kwa waya mbele ya askari wote na kuwapa somo la jinsi ya kupima mto. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja akauliza kama tunaajiri.

Bosi huyo tulimwita Bashmuhandis, jina ambalo Kiarabu chetu cha Juba humpa mhandisi yeyote anayestahili kuvuliwa kofia. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuondoka mahali bila kushukuru. Alimshukuru dereva, mpishi, hata lori la maji lililotupisha pale ukingoni. Kumbukeni jambo hilo, kwa maana ndilo lililotuponza.

Mimi nilimfikia nikitoka Nairobi, nilikokulia na kusomea. Nilikuja na shahada, Kiswahili cha mitaani na viatu vyeupe. Viatu sikuvirudisha nyumbani siku ile ya kwanza. Nilisoma ule ubao wa tarakimu uliosimamishwa majini nikiwa mbali, nikaitaja namba kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani.

"Hilo ulilosoma ni wimbi," Bashmuhandis akasema. "Boti imepita sasa hivi. Subiri litulie, kisha usome mto."

Hilo ndilo fundisho langu la kwanza kwenu, na ni la bure. Inameni macho yalingane na maji, msubiri, msome mara kadhaa. Na msisome wakati malori yanashusha mipira yao kuvuta maji, maana hapo mnasoma lori.

Lakini sikukaa chini niandike kuhusu ubao. Nimekaa kwa sababu kuna simu ambayo hailii tena kila asubuhi, na nimegundua kwamba katika kazi yote ile, boti, waya, mikutano, mshahara uliochelewa, ninachokitamani ni hiyo simu.

Aliyekuwa akipiga aliitwa Opio. Alikuwa fundi wa vipimo upande wa Uganda, kule ziwa kubwa linakoanza kumwagika na kuwa mto, penye bwawa na milango yake. Tulikutana katika safari ya pamoja ya kulinganisha vifaa. Alipanda boti akiwa amevaa tai. Nilimcheka. Akaniambia, "Madam, mto ni mkubwa kuliko mimi. Mimi naenda kumwona mkubwa, mimi iko lazima vaa tai." Tangu hapo tukawa marafiki, naye akaanza kunipigia simu kila siku ya kazi, kabla sijanywa chai.

"Madam Poni! Umeamka?"

"Nimeamka, Bwana Opio."

"Na watoto?"

"Wameamka."

"Na mto?"

"Mto haukulala."

Alicheka kila asubuhi kana kwamba ni jibu jipya. Kisha, katikati ya salamu, baada ya kuuliza mvua na kabla ya kuuliza kanisa, angesema: "Huku ziwa imejaa. Wakubwa wamesema fungua mlango ingine." Au: "Huku tumefunga kidogo." Basi. Tunaagana.

Mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba maji hayo hayafiki Juba kesho yake. Yanapita maziwa mengine mawili njiani, na katika kila ziwa yanalala, kama mgeni anayepitia kwa ndugu wote kabla ya kufika kwako. Ni wiki nyingi kabla hatujayaona hapa ukingoni. Kwa hiyo neno la Opio lilikuwa linatupa muda. Kwa mtu wa ofisini muda huo ni mstari kwenye grafu. Kwa mkulima ni kila kitu.

Mkulima niliyemfahamu mimi alikuwa Keji, binti wa baba yangu mkubwa, dada yangu kwa desturi zetu. Keji anaishi kwenye kisiwa pale katikati ya mto, kile mnachokiona kutoka darajani mkitazama maji yanakoelekea. Huko analima bamia na mlukhia, mboga ya majani yenye mlenda. Wakati huo alikuwa analea wajukuu, watoto wa mwanawe aliyefariki, na sufuria yao yote ilitoka kwenye shamba hilo. Shamba lake lina pande mbili. Upande wa juu ni mchanga, bamia huota kwa kusitasita. Upande wa chini, karibu na maji, ni udongo mweusi unaoachwa na mto, ukidondosha mbegu humo unaogopa kugeuka nyuma, utakuta imeshaota. Lakini mto ukipanda, upande huo ndio wa kwanza kwenda. Kila msimu Keji alikuwa na swali moja tu maishani: nipande juu au chini?

Na mimi, mwenye shahada, nilikuwa na jibu moja tu: ngoja nimuulize Opio.

"Mwanaume wako wa Uganda anasemaje?" Keji angeniuliza, hata sijashuka kwenye mtumbwi.

"Si mwanaume wangu, Keji."

"Basi wa mto. Anasemaje?"

Nikimwambia Opio amesema wamefunga, anapanda chini. Nikimwambia wamefungua, anapanda juu, na majirani zake wanamfuata. Kulikuwa na miaka ambayo kisiwa kizima kililima kwa salamu za mtu mmoja ambaye hawajawahi kumwona.

Sasa nije kwenye mikutano.

Nyinyi mtaitwa kwenye mikutano ya mto, na nawaonea huruma, na nawaonea wivu kwa sababu ya chakula. Nchi zinazochangia mto huu ni nyingi, na kila moja ina hofu yake. Walio chini wanaogopa kwamba walio juu watajenga bwawa na kufunga bomba. Walio juu wanachukia kuambiwa waombe ruhusa kwa maji yanayonyesha kwenye mapaa yao wenyewe. Na sisi tuko katikati. Mmewahi kulala watu watatu kwenye kitanda kimoja na blanketi moja? Wa katikati ndiye anayedhaniwa amefunikwa vizuri.

Nimeshuhudia wajumbe wakigombana siku nzima, hapa Juba, kuhusu bwawa lililo kwenye mkono mwingine kabisa wa mto, mkono ambao maji yake hayapiti Juba hata kwa bahati mbaya. Nimewaona watu hao hao wakati wa chai wakishikana mikono, wakiulizana habari za watoto na dawa za presha. Kengele ikilia wanarudi ndani na kuvaa tena nyuso za serikali. Nilikuwa nadhani ni unafiki. Nilipozeeka nikaona kwamba chai ndiyo ilikuwa mkutano.

Jambo lililowashinda kukubaliana, mwaka baada ya mwaka, lilikuwa hili: je, nchi ya juu inalazimika kumwarifu jirani kabla ya kugusa maji? Mtu wa nje angesema, tatizo liko wapi, mwarifu tu. Lakini mwanasheria wa nchi ya juu anasikia hivi: leo nikiarifu, kesho utasema ni desturi, keshokutwa utasema ni haki yako, na mwisho sitafungua mlango wangu mpaka wewe uniruhusu. Kwa hiyo haarifu. Na mwanasheria wa nchi ya chini anakaa akitafuta ushahidi hata mdogo kwamba huwa anaarifiwa. Wote wawili walikuwa watu makini, wanaofanya kazi waliyotumwa. Siwalaumu. Nilikaa nao chumba kimoja miaka mingi, nikapoteza uwezo wa kulaumu na pia uwezo wa kula biskuti.

Mnaona sasa Opio alikuwa anafanya nini. Nchi yake haikuwa inamwarifu mtu. Opio alikuwa anasalimia.

Mkutano ninaousema ulifanyika hapa, katika hoteli moja yenye viyoyozi vikali. Opio alikuja na ujumbe wa Uganda, kama fundi, akakaa safu ya nyuma na tai yake. Mimi nilikuwa safu ya nyuma upande wetu. Nilikuwa nimetengeneza grafu za rangi saba, ambazo mpaka leo hakuna aliyeziulizia. Siku zilienda vizuri kuliko kawaida. Mwisho wakafika kwenye ile sehemu ambayo hakuna mkutano wa Juba unaoikwepa, hata wa watu watano: neno la shukrani. Mwenyekiti akampa Bashmuhandis.

Bashmuhandis akasimama. Akamshukuru Mungu, mwenyekiti, wageni, wapishi, wakalimani. Niliona anaelekea kukaa. Kisha macho yake yakamwangukia Opio kule nyuma, na ule ugonjwa ukamshika.

"Na kabla sijakaa," akasema, "siwezi kumsahau ndugu yetu Opio, ambaye kila asubuhi, kila asubuhi jamani, hutupigia simu kutuambia milango ya bwawa imefunguliwa au imefungwa. Watu wetu wa visiwani wanakula kwa sababu yake. Ndugu Opio, simama tukuone."

Opio hakusimama. Alikuwa ameshika kalamu na kuikodolea macho.

Wakalimani wakamaliza kutafsiri. Kisha bwana mmoja wa nchi ya chini, mtu wa adabu nyingi, akavua miwani akasema kwa upole kwamba angependa maneno hayo mazuri ya mwenzake yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano, hasa yale ya kila asubuhi. Papo hapo mwanasheria wa Uganda, mama mmoja ambaye asubuhi ile alikuwa amenisifia kitenge changu, akasema nchi yake haijawahi kutoa taarifa ya aina hiyo kwa yeyote, na kama kuna mtumishi anayezungumza na marafiki zake, anazungumza kwa niaba yake mwenyewe. Huyu akasema haya, yule akasema yale. Neno la shukrani likaendelea mpaka jua likazama.

Nilimkuta Bashmuhandis kwenye ngazi ameketi, amekunja kofia mikononi.

"Nilishukuru tu, Poni," akasema. "Tangu lini kumshukuru mtu ikawa kumchongea?"

Nilikaa kando yake. Alikuwa amenifundisha kazi yote ninayoijua, na hapo nilimwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kulia.

Opio nilimpata uani, karibu na magari yao.

"Madam," akasema, "mimi iko na watoto shule. Wamesema mimi hapana piga simu ya maji tena. Kama napiga, kazi imekwisha."

"Na simu ya salamu?"

Akafikiri kwa uzito, kama mtu anayesoma ubao majini. "Salamu hawakusema kitu."

Kwa hiyo aliendelea kupiga. Nataka mlielewe hilo. Kila asubuhi, kwa wakati ule ule.

"Madam Poni! Umeamka?"

"Nimeamka, Bwana Opio."

"Na watoto?"

"Wameamka."

Halafu hapo, mahali ambapo ule mto ulikuwa unakaa, hapakuwa na kitu. Nilisikia anavuta pumzi, nami nikivuta yangu. Angeuliza habari za kanisa. Ningemuuliza habari za mke wake. Sikumuuliza kuhusu ziwa hata mara moja, maana nikimuuliza angejibu, na akijibu watoto wake wanarudishwa nyumbani. Ilikuwa kama kumtembelea mtu aliyefiwa ambaye ameomba marehemu asitajwe.

Msimu wa kupanda ukafika. Mvua za huko juu zilikuwa zikitangazwa redioni, lakini redio haikusema milango iko vipi. Nikavuka kwenda kwa Keji asubuhi mapema nikiwa na karatasi. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, na ninasema hivyo bila aibu: vipimo vyetu vya miaka yote, makadirio ya mvua, mistari ya uwezekano. Keji alikuwa ameketi mlangoni na kopo la mbegu za bamia kati ya miguu yake. Nikamweleza karatasi yangu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo uwezekano wa maji kupanda ni mkubwa kiasi, lakini pia upo uwezekano usio mdogo kwamba..."

"Kalam fadi," Keji akasema, yaani maneno matupu. "Nimekuuliza nipande wapi. Ya Poni, hawa watoto wakila uwezekano watashiba?"

"Nikikosea?"

"Ndiyo ninachokuuliza. Nikipanda juu na mto usije, nitavuna nusu, watalala njaa kidogo. Nikipanda chini na mto ukaja, hawatakula kabisa. Yule mtu anasemaje?"

"Amekatazwa."

"Nani amemkataza kuniambia mimi?"

Na hapo simu ikalia. Ilikuwa saa yake. Nikaipokea. Umeamka, nimeamka. Sikufika kwa watoto. Keji alinyoosha mkono na kuichukua sikioni mwangu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Keji aliishi ukimbizini Uganda miaka mingi, Kiswahili cha huko anakijua.

"Wewe ndiye Opio?"

Sikusikia jibu. Niliona tu uso wake.

"Mimi ni Keji. Mimi si ofisi. Hata kiti sina, nimekaa chini. Sikuulizi bwawa, sikuulizi mlango, hayo ni ya wakubwa. Mimi ni mama wa shamba. Nakuuliza wewe kama mwana wa mkulima: ungekuwa na shamba hapa kwangu, upande wa chini, karibu na maji, mwaka huu ungepanda?"

Akabonyeza kitufe ili nisikie. Tukasikia ndege, na sikujua kama ni ndege wa kwetu au wa kwao. Nikafikiria watoto wa Opio, wale wa shule. Nikanyoosha mkono nikate simu. Keji akanipiga kofi mkononi.

"Mama," Opio akasema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Mimi kama iko na shamba huko chini, mwaka hii mimi hapana panda."

"Mungu akupe maisha," Keji akasema.

"Mama, umeamka vizuri?"

"Nimeamka, mwanangu."

"Na watoto?"

Wakasalimiana mpaka mwisho, bila haraka. Mimi nilikaa pale na karatasi zangu mapajani, nikiwa nimesahaulika kabisa, na sijawahi kufurahi hivyo katika kazi.

Keji akapanda juu. Akapita nyumba hadi nyumba, na kisiwa kikapanda juu. Mto ulikuja. Ulifunika upande wote wa chini, ukakaa huko muda mrefu kuliko nilivyowahi kuuona. Watoto hawakushiba mwaka ule, lakini walikula.

Wanasheria wangeniuliza: je, nchi moja ilimwarifu nyingine? Nimelifikiria swali hilo kwenye boti, kanisani, na sasa kwenye kiti hiki. Nadhani mtu wa juu alimwambia mtu wa chini asipande. Zaidi ya hapo sijui.

Si muda mrefu baadaye Opio alihamishwa kutoka kwenye vipimo akapelekwa stoo ya vipuri. Hakuniambia sababu, na huenda haikuwa ile simu. Alinipigia mara chache kutoka huko, lakini alikuwa na aibu, kama mtu anayekuja kwenu mikono mitupu. Kisha akaacha. Namba yake ikapokewa na msichana aliyesema hamjui. Bashmuhandis naye alistaafu, akazikwa kwao. Kwenye mazishi mtu mmoja alitoa neno la shukrani refu kupita kiasi, na nikafikiri kwamba hapo angefurahi.

Wajumbe bado wanakutana, na neno lile la kuarifu bado liko mezani. Lakini nyinyi hamlihitaji sana. Mna picha za setilaiti. Kimo cha ziwa kinaingia kwenye simu zenu, na cha kila ziwa njiani, bila kumuuliza mtu umeamka au watoto wameamka. Ni kitu kizuri. Ningekuwa na hicho wakati ule nisingekuwa na mvi hizi. Sisemi turudi nyuma, jamani. Nasema asubuhi zangu ni kimya.

Mwezi uliopita simu ililia mapema, namba ya kigeni.

"Madam Poni! Umeamka?"

Ilibidi nikae. Opio yuko kijijini kwake, amestaafu kama mimi, anafuga nguruwe. Mtoto wake mmoja ni daktari wa mifugo na ndiye aliyemtafutia namba yangu. Tukasalimiana. Tukafika kwa watoto, tukafika kwa mto, na hakuna aliyetukataza. Sasa tungeweza kusema chochote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na neno. Yeye hajui milango iko vipi. Aliifungua simu yake akanisomea kimo cha ziwa kutoka mtandaoni, nami nilikuwa nakitazama kwenye yangu. Ilikuwa namba moja. Tukacheka, kisha tukaishiwa kicheko.

"Na yule mama," akauliza. "Mwaka hii amepanda wapi?"

"Juu."

"Mwaka jana?"

"Juu. Miaka yote, Bwana Opio. Kuna miaka mto haukuja kabisa. Nimempelekea namba za setilaiti, vijana wa ofisi wamempelekea, amekataa. Anauliza, nani amesema? Nikimwambia ni chombo kiko angani, anasema hicho hakina shamba. Ule udongo mweusi umeota magugu tangu ulipoacha kupiga."

Nikasikia nguruwe wake.

"Madam, mimi sasa hapana jua kitu," akasema. "Lakini mpelekee simu. Mimi nataka kumsalimia."

Nikavaa viatu, nikashuka ukingoni kutafuta mtumbwi.